Visu Havikusimama

Meneja alikuja na ndizi. Kichane kimoja ndani ya mfuko wa plastiki, ncha zake zimeanza kuwa nyeusi. Alipiga hodi mara moja akaingia kabla hajakaribishwa, kwa kuwa nyumba ni ya shule, na yeye kwenye mambo ya nyumba na majani na mabomba ndiye shule. Sebuleni kulikuwa na kiti kimoja tu. Akakikalia. Mgonjwa akabaki alipokuwa, kwenye ukingo wa kitanda kilichosogezwa pale tangu atoke hospitali.

"Pole sana, Baba Chiriku," alisema, akanyoosha mkono wa kulia kumsalimia.

Baba Chiriku naye, kwa mazoea, akainua wake. Kilichoinuka ni bonge la bendeji lenye doa la rangi ya chai. Meneja alilitazama, akaurudisha mkono wake mfukoni, akatoa simu na kujifanya amepata ujumbe.

Mama Chiriku aliyaona yote akiwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa hampendi Meneja tangu zamani, kama wafanyakazi wote wa chini walivyokuwa hawampendi. Lakini siku ile kutompenda kuligeuka kitu kingine.

"Ajali kazini hazikwepeki," Meneja aliendelea. "Mimi mwenyewe nilipopata habari sikula. Muulizeni mke wangu."

Hakuna aliyetaka kumuuliza mke wake.

Trekta lenyewe lililomkata Baba Chiriku lilikuwa dogo, la kukalia mtu mmoja, la kukatia nyasi, lenye visu viwili chini ya tumbo. Shule ililinunua likiwa mtumba wakati Mwalimu Mkuu wa sasa bado anasoma madarasa ya chini. Wazazi waliokuja na magari ya maana walilipiga picha wakasema vitu vya zamani ndivyo vitu. Wao hawakulipanda. Kati ya injini na visu palikuwa na klachi ya umeme, yaani sumaku iliyozungushiwa waya: ukibonyeza swichi inavuta, visu vinazunguka, ukizima inaachia, breki yake inabana, visu vinasimama. Ndivyo ilivyotengenezwa. Sasa ilikuwa imechoka. Ikishapata moto inateleza, na visu vinazubaa katikati ya uwanja. Dawa yake ni klachi mpya, na Meneja hakutaka kusikia habari hiyo, maana alikuwa ameiahidi bodi kwamba mwaka huu atabana matumizi na bodi ilimpigia makofi. Dawa ya bure ilikuwa kukaza nati zake tatu ili sumaku isogee karibu. Ukizikaza, inashika. Ukizikaza mno, inashika lakini haiachii. Hizi zilikuwa zimekazwa, zikakazwa tena, zikakazwa tena.

Betri nayo ilikuwa imekufa. Kwa hiyo amri ikatoka: injini ikishawashwa asubuhi kwa kuazima betri ya gari, isizimwe mpaka jioni.

Basi Baba Chiriku akajitafutia namna. Majani mabichi yakiziba, alizima swichi ya visu, akapunguza moto wa injini, akachuchumaa, akategea sikio. Visu vile vilikuwa na mluzi mwembamba ambao ukiuzoea unausikia hata injini ikinguruma. Mluzi ukifa, anaingiza mkono na kuzibua. Wafanyakazi wote waliijua namna hiyo, wakaifanyia hata utani. "Umesikiliza?" waliulizana wakikutana bombani. Atakayekwambia hakuna kazi inayofanywa hivyo, huyo kazi anaisikia tu kwa watu.

Siku aliyokatwa, watu wa muziki walikuwa uwanjani wakijaribu spika za mahafali. Moja, mbili. Moja, mbili. Mluzi haukusikika. Akadhani umekufa. Vilikwenda vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete.

"Kikao ni keshokutwa," Meneja alisema. "Mwalimu Mkuu atakuwepo, na mjumbe mmoja wa bodi. Wanataka kusikia kwa mdomo wako. Wewe sema ulikuwa na haraka. Sema zile nati ulizikaza mwenyewe ili umalize mapema. Yaishe. Shule ina huruma, nyumba hii mtakaa, Chiriku atamaliza masomo yake bila ada kama kawaida, na wewe tutakutafutia kazi nyepesi. Kukaa getini, kwa mfano."

"Na kama sikuzikaza mimi?"

Meneja aliinama mbele, sauti ikawa ya upole kabisa. "Atakuwa amezikaza nani, Baba Chiriku? Fikiria vizuri. Atakuwa amezikaza nani?"

Wote watatu walijua. Fundi wa karakana ya shule alikuwa mdogo wake Mama Chiriku, tumbo moja, ziwa moja.

Jikoni kitu kilianza kuungua na hakuna aliyekwenda kukiepua.

"Meneja," Mama Chiriku alisema, "chukua ndizi zako."

"Ni za mgonjwa, mama."

"Mgonjwa hawezi kumenya."

*

Mdogo wake walimwita Fundi Tayari. Jina alilipata hapo hapo shuleni, kwa sababu kila alichoulizwa na wakubwa jibu lake lilikuwa hilo. Pampu? Tayari, bosi. Kitasa cha ofisi? Tayari, bosi. Wakati mwingine pampu ilikuwa bado imelala vipande vipande juu ya gunia, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na baadaye angehangaika mpaka likawa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na uoga wake alikuwa ameuvisha adabu.

Dada yake alimkuta karakana amelala chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Akaipiga teke moja ya hiyo miguu. Si kwa nguvu, lakini si kwa utani pia.

"Toka."

Fundi Tayari akatoka, uso una grisi, akajaribu kutabasamu. "Shikamoo, dada. Shemeji anaendeleaje?"

"Hujaja kumwona."

"Kazi, dada. Si unajua mahafali haya. Na Meneja amenibana..."

"Meneja amekuja kwangu. Amekuja na ndizi na wewe." Alikaa juu ya tairi kuukuu, mikono magotini, kama mtu atakayekaa hapo hadi jioni ikibidi. "Nati zile alizikaza nani?"

Fundi alitazama mlangoni. Hakukuwa na mtu, ila mlinzi wa mchana aliyehamishiwa kwenye kukata nyasi, na huyo alikuwa mbali anakojoa ukutani.

"Mimi," alisema chini chini.

"Kwa amri ya nani?"

"Unamjua."

"Mtaje."

"Meneja. Mara ya mwisho alisimama hapa hapa nilipokuwa nazikaza. Nikamwambia, bosi, klachi hii imekwisha, nikizidi hapa visu havitasimama. Akasema kwani vikisimama ndio vinakata? Akacheka. Nami nikacheka."

"Ukacheka."

"Dada, ningefanyaje? Nilie?"

"Na mume wangu ulimwambia?"

Hapo ndipo Fundi Tayari aliposhindwa. Alichukua kitambaa, akafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi, akaifuta tena.

"Alikuwa anajua kusikiliza," alisema hatimaye. "Yeye kuliko wote. Nilijua atasikiliza."

Mama Chiriku alimwangalia. Huyu ndiye mtoto aliyembeba mgongoni wakati mama yao akienda vibarua. Alimfundisha kupiga mswaki, alimwosha kamasi, alipigwa kwa ajili yake alipovunja dirisha la watu. Alipoolewa alimwambia mumewe wazi: mimi nakuja na mtoto. Na mumewe ndiye aliyekwenda kupiga magoti kwa Meneja ili kijana apate kazi ya karakana. Mumewe huyo huyo.

"Sasa nisikilize mimi," alisema. "Keshokutwa utaitwa. Utasimama useme kama ulivyoniambia, yote, pamoja na kile kicheko. Ukisema mwenyewe, nitasimama nyuma yako hata wakikufukuza. Njaa yako nitaila pamoja nawe. Usiposema, nitasema mimi, na nikishasema usiniite dada."

"Mke wangu ana mimba, dada."

"Na mimi nina mume asiyeweza kufunga kifungo."

Alisimama, akalipiga trekta kofi kwenye boneti. "Na hili? Bado linakata?"

"Uwanja haujaisha. Meneja anataka uishe kabla ya mahafali. Pia ameniambia nizilegeze nati zirudi kama zamani, wakubwa wakija wakute iko sawa."

"Umezilegeza?"

Fundi Tayari akanyamaza. Akili ya Mama Chiriku ilikuwa kwenye kifungo cha shati la mumewe na hakuutilia maanani ukimya ule. Akatoka. Pembeni ya mlango aliona boksi jipya la betri, tupu, na betri yenyewe imeshafungwa kwenye trekta, inang'aa. Miezi yote ile ilikuwa haipatikani. Vidole vitatu viliipata ndani ya wiki.

*

Kesho yake Baba Chiriku alikuwa anajifunza kula kwa mkono wa kushoto. Kijiko kilifika mdomoni kikiwa nusu, nusu nyingine imebaki kifuani. Alikataa kulishwa. Mkewe alikaa mkabala naye akimtazama na kujizuia.

Chiriku alirudi kutoka darasani, akaweka begi bila kusema neno. Mtoto huyu jina lake la utani lilikuja lenyewe. Tangu aanze kusema hakunyamaza, akizungumza na kuku, na milango, na viatu. Siku hizi ulimsikia tu akikohoa.

"Vipi, mama?" baba alimuuliza bintiye. "Wamekata ulimi wako nawe?"

Chiriku akasema, bila kuinua macho, "Wanasema ulikuwa umelewa."

Kijiko kikasimama.

"Nani anasema?"

"Wote. Wanasema wamesikia kwa katibu wa Meneja. Wanasema ndiyo maana hukusikia." Halafu akaongeza haraka, "Nimewaambia hunywi. Nimewaambia hata soda ya kuwasha huipendi."

Mama Chiriku aliinuka, akasogea dirishani. Kule uwanjani trekta lilikuwa linazunguka, mlinzi wa mchana juu yake amekaa kama aliyepanda punda wa watu. Alihisi hasira hadi kwenye meno. Wamechukua vidole, sasa wanachukua na jina. Watu hawa wakikuvunja mguu watakutoza na sakafu uliyoangukia.

Mtoto alipokwenda kuoga, alimgeukia mumewe.

"Umesikia. Bado utasema ulikuwa na haraka?"

"Nitasema."

"Baba Chiriku!"

"Vidole vyangu havirudi," alisema taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo mpaka likachakaa. "Nikimtaja Tayari, Meneja atamruka. Atasema sikumtuma. Nani atamwamini fundi? Watamfukuza, pengine watampeleka polisi. Mkewe ana mimba. Mimi nishakatwa tayari. Kwa nini na yeye akatwe? Nikisema ni mimi, nyumba inabaki, mtoto anasoma."

"Na unakaa getini ukifungulia watu wanaosema ulikuwa mlevi."

"Nitakaa."

"Mimi sitakaa!" Sauti yake ilipanda hadi akashangaa. "Yule ni ndugu yangu, si wako! Kama ni kumtoa, nimtoe mimi! Kwa nini ubebe wewe? Nani kakwambia unyonge wako ndio chakula chetu?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Baba Chiriku aliinama akaanza kuokota punje za chakula kifuani, moja moja, kwa vidole vya kushoto visivyozoea kazi hiyo. Mkewe angetoa chochote alirudishe lile neno. Lakini hakuomba radhi, maana lilikuwa la kweli, na alikuwa na hasira naye pia, hasira ya kumpenda mtu anayekubali kukanyagwa.

"Kesho nakwenda nawe kikaoni," alisema.

"Wameniita mimi peke yangu."

"Waambie huwezi kufungua mlango."

*

Kikao kilifanyika kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi, chenye meza ndefu na viti vya kuzunguka. Mlangoni katibu wa Meneja alimzuia Mama Chiriku kwa mkono wenye kucha za rangi. "Mama, wewe subiri nje."

"Huyu hana mkono wa kulia," alimjibu. "Mimi ndiye mkono wake. Ukimwita yeye umeuita na mkono."

Akapita.

Mwalimu Mkuu alikuwa na haraka, mahafali yakimsubiri, lakini alikuwa mtu wa kusikiliza akilazimishwa. Kando yake alikaa mjumbe wa bodi, mama mtu mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi, viatu vya chini, mkoba mapajani. Meneja alivaa suti. Fundi Tayari alisimama karibu na ukuta, kofia ameikunja mkononi, na dada yake alipoingia akainamia viatu vyake mwenyewe.

Meneja ndiye aliyeeleza. Alieleza vizuri. Alisema mfanyakazi ni mwaminifu, wa siku nyingi, ila binadamu hukosea, na kwamba uchunguzi umeonyesha mfanyakazi mwenyewe alizichezea nati za klachi bila ruhusa. Alisema hayo kwa huzuni. Kwa hakika alikuwa na huzuni. Watu wa namna yake huwahurumia sana wale wanaowasukumia makosa, na huruma hiyo huwafanya walale vizuri.

"Ni kweli?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Nilikuwa na haraka," Baba Chiriku alisema. "Nati nilikaza mimi."

"Mwongo," alisema Mama Chiriku.

Kila mtu akamgeukia. Mke kumwita mumewe mwongo mbele ya wakubwa. Hata katibu mlangoni alifungua mdomo.

"Mwongo mkubwa. Huyu mnayemwona hajawahi kushika spana. Kitanda chetu kikilegea huita jirani. Muulizeni nati zile ni za namba ngapi. Mwambieni awaonyeshe klachi iko wapi, atawaonyesha bomba la moshi."

Mjumbe wa bodi alitabasamu kidogo, akajizuia.

"Mama ana uchungu," Meneja alisema. "Tunamwelewa."

"Uchungu ninao. Muulizeni fundi."

Macho yakahamia ukutani. Fundi Tayari aliifungua kofia, akaikunja tena. Dada yake alimtazama, akangoja. Alimpa muda wote duniani. Naye akasema, "Mimi... nilikagua tu baada ya ajali."

Basi. Mama Chiriku akafungua mdomo amtaje nduguye.

Lakini Meneja alikuwa ameshasimama. Alikuwa amenusa ushindi, na ushindi humfanya mtu atake na maonyesho. "Tusibishane kwa maneno. Twendeni karakana, ni hapo tu. Mkaone wenyewe klachi ni nzima, nati ziko sawa. Fundi, umezirudisha kama nilivyokuagiza?"

Fundi Tayari alikuwa mweupe chini ya weusi wake.

"Tayari, bosi," alisema.

*

Trekta lilitolewa uani, juu ya saruji yenye madoa ya oili. Fundi alilipanda, akageuza ufunguo, na kwa ile betri mpya likawaka mara moja. Mjumbe wa bodi alikunja pua kwa moshi.

"Visu," Meneja aliamuru.

Fundi alibonyeza swichi. Klachi ikagonga, kah, na chini ya tumbo la chuma kukaanza mngurumo, vumbi likatimka pembeni.

"Mnaona inavyoshika? Haya, zima visu."

Swichi ikazimwa, moto wa injini ukapunguzwa. Vumbi likatulia. Injini ikaendelea kunguruma kama ilivyozoea, kwa sababu hakuna aliyesema izimwe.

"Vimesimama," alisema Meneja. Alisogea ubavuni, pale palipo na mdomo wa kutolea nyasi, akavuta suruali magotini asiichafue, akachuchumaa. Alikuwa mwalimu sasa, na wao darasa. "Mtu mwangalifu anafika hapa, anahakikisha, halafu anaingiza mkono wake taratibu, hivi..."

Baba Chiriku, aliyesimama nyuma ya wote, alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Rangi ikamtoka usoni. Akafungua mdomo na sauti haikutoka.

Fundi Tayari ndiye aliyeruka. Aliruka kutoka kwenye kiti kama aliyechomwa, akaanguka juu ya Meneja, akamkamata kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili, akavuta kwa nguvu zote mpaka mtu na suti yake wakaketi kwenye oili.

"Bado, bosi! Bado vinazunguka!"

Hakuna aliyeelewa. Meneja alianza kufoka. Mama Chiriku alichukua fagio lililoegemezwa ukutani, akaligeuza, akausukuma mpini wake ndani ya ule mdomo. Ta-ta-ta-ta! Mpini uliruka mikononi mwake. Alipouvuta ulikuwa mfupi, ncha yake imechanwachanwa. Akamwekea mjumbe wa bodi mkononi, bila adabu wala utovu wa adabu, kama muuza duka anavyotoa bidhaa.

"Uliniambia tayari," Meneja alisema pale chini. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Uliniambia nizilegeze," Fundi Tayari alisema, bado amemshika. "Ukaniambia na uwanja uishe. Nikizilegeza haikati, bosi. Nikizikaza haiachii. Klachi imekwisha! Nilikuambia tangu mvua za mwanzo imekwisha! Siwezi kukupa vyote viwili kwa klachi iliyokufa. Nati nilikaza mimi, na wewe ulisimama pale, ukasema kwani vikisimama ndio vinakata. Ukacheka. Tukacheka wote."

Mjumbe wa bodi aliutazama mpini. "Na injini hii mbona haizimwi? Nani kaamuru?"

Wafanyakazi waliokuwa wamejikusanya mlangoni, mpishi, mlinzi wa mchana, mama wa usafi, wote walimtazama mtu mmoja, na Mwalimu Mkuu akawafuata macho.

"Huyu mtu hatoki kwenye nyumba yake," mjumbe alisema, akimwonyesha Baba Chiriku kwa kile kipande cha mpini. "Hilo la kwanza. Mengine tutakwenda kuyasema na bodi nzima."

Fundi Tayari alimwachia Meneja, akainuka, akamfuata dada yake. Machozi yalikuwa yanachora njia kwenye grisi.

"Dada. Nimesema."

Mama Chiriku aliitazama mikono yake, ile mikono iliyofanya haraka kiasi kile.

"Nimeona," alisema. "Umemwahi. Umemshika mkono kabla haujafika." Alivuta pumzi. "Mume wangu hakupata wa kumshika."

Alikuwa ameahidi kusimama nyuma ya mdogo wake akisema mwenyewe, na kijana alikuwa amesema, amechelewa lakini amesema. Kwa hiyo alisimama pale, karibu naye, na hakumgusa.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Watu wote wale, wenye vyeo na wasio na vyeo, na hakuna aliyekumbuka kuizima, kwa jinsi walivyozoea. Baba Chiriku alijipenyeza katikati yao, akafika kwenye usukani, akanyoosha mkono wa kushoto, akageuza ufunguo.

Kimya kikaingia uani. Ndani ya kimya hicho ukasikika mluzi, mwembamba, kutoka chini ya chuma. Mwalimu Mkuu aliusikia. Mjumbe wa bodi aliusikia, akarudisha mguu nyuma. Meneja, ameketi kwenye oili, aliusikia karibu kuliko wote. Walisimama wameinamisha vichwa, wanasikiliza, mpaka ukapungua, ukakatika, ukafa.

"Sasa," Baba Chiriku alisema. "Sasa ndiyo unaingiza mkono."

Hakuna aliyeingiza.